Mjomba Aliyelipa Ada Peke Yake

Hadithi hii imenifikia kwa simu kutoka Makambako, ikiwa imeshapita mikono ya watu nisiowajua. Naipitisha kama nilivyoipokea, chumvi nimeongeza kidogo tu. Ukimaliza kuisoma, mpelekee mtu mwenye mtoto anayekwenda chuo.

Alikuwepo mfanyabiashara wa mbao aitwaye Ezekia Mwalongo. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye mkono wazi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda kutoa peke yake. Ukimwambia mchangie jambo nusu kwa nusu, ananuna. Neno "sina" halikuwahi kutoka kinywani mwake, hata siku ambazo kweli hakuwa nacho.

Dada yake, Mama Yusta, alikuwa ameolewa na mkulima wa viazi, bwana Ngailo. Binti yao mkubwa, Yusta, alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, na shangwe ilidumu mpaka waliposoma ada. Ngailo aliisoma, akavua kofia, akaisoma tena akidhani labda macho yamemdanganya. Hayakumdanganya. Kikao cha ukoo kikaitwa.

Watu walikuja wamejipanga. Huyu ana gunia la mahindi la kuuza, yule ana kuku, mwingine ana ahadi ya mwisho wa mwezi. Kabla yeyote hajafungua kinywa, Ezekia akasimama.

"Ada ya mtoto huyu ni yangu," alisema. "Yote. Mtu mwingine asitie hata senti. Nikisikia mtu amechangia, nitajua amenidharau."

Wakampigia makofi, wangefanyaje. Mwezi ule ule aliuza shamba lake la miti, lile alilokuwa amelitunza kwa ajili ya uzee wake. Akachukua ada ya mwaka wa kwanza, akaizidisha kwa miaka mitatu ya masomo, akamkabidhi dada yake fedha zote kwa mpigo. "Nimemaliza," akasema, akakung'uta mikono.

Kwa upande wake alikuwa amemaliza kweli. Kuanzia siku hiyo alitembea kifua mbele. Mtu akimuuliza, "Habari za mbao?" yeye hujibu, "Mbao nzuri, na mtoto wangu chuoni anaendelea vizuri," ingawa zilizoulizwa ni mbao tu.

Jambo moja lilimkera. Kuanzia mwaka wa pili wa Yusta chuoni, ukoo mzima uliingiwa na ubahili. Akienda kwa dada yake anapewa chai kavu, hata kipande cha kiazi hakuna, na hapo ni nyumbani kwa mkulima wa viazi. Mdogo wake Obadia, fundi nguo, alikuwa na cherehani mbili, sasa ilibaki moja. Ukimuuliza ya pili iko wapi, anasema imekwenda kutengenezwa. Hata mkewe mwenyewe, Mama Sekela, mpenda vitenge asiye na mfano, Krismasi na Pasaka alivaa kitenge kile kile.

"Nawashangaa sana," Ezekia alimwambia mkewe. "Ada nalipa mimi. Nyinyi mnajibana kwa ajili ya nini?"

"Maisha yamepanda, Baba Sekela," alijibu mkewe, akaendelea kuchambua mchele.

Halafu kulikuwa na hiyo kwaya. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, ukoo ulikusanyika kwa Obadia kufanya mazoezi ya kwaya ya familia. Ezekia hakualikwa, na sababu aliijua mwenyewe, maana hata kanisani walishamwomba kwa upole akae upande wa wasikilizaji. Iliuma kidogo, akavumilia. Kilichomtatiza ni kwamba kwaya yenyewe hakuwahi kuisikia ikiimba mahali popote.

"Bado hatujaiva," alisema Obadia kila alipoulizwa.

Miaka ikaenda, Yusta akamaliza. Chuo kilitoa kadi mbili za mwaliko kwa kila mhitimu. Moja ya mama, haikuwa na mjadala. Ya pili Ngailo akaichukua kwa mikono miwili, akampelekea shemeji yake.

"Nenda wewe, shemeji. Wewe ndiye uliyesomesha. Sisi tutabaki kupika."

Ezekia alikataa kidogo kwa ajili ya adabu, kisha akaipokea haraka kabla Ngailo hajabadili mawazo.

Mahafali yalipendeza. Yusta alipopita mbele na joho lake, mjomba alilia waziwazi, wala hakuhangaika kutafuta leso. Baada ya sherehe, wakati Yusta amemvuta mama yake kwenda kupiga picha na rafiki zake, mwanamume mmoja mwenye miwani alimjia Ezekia mkono ukiwa mbele.

"Wewe ndiye mjomba wa Yusta? Mimi ni mhasibu wa chuo. Nilitaka tu nikupe mkono. Ada ilipopanda mwaka wa pili, wanafunzi wengi walirudi nyumbani. Ilipopanda tena mwaka wa tatu, nikajua Yusta naye ataondoka. Lakini familia yenu haijawahi kuvunja ahadi."

Ezekia aliendelea kutabasamu, maana uso ulikuwa umeshazoea tangu asubuhi.

"Ilipanda," alisema.

"Ilipanda sana, mzee wangu. Yule mama alikuwa akinipigia kila muhula. 'Mwanangu, nivumilie wiki mbili, bado tunakusanya.' Wiki mbili zikifika, fedha imefika. Mchangamfu sana yule mama. Naomba umsalimie."

"Nitamsalimia. Anaitwa nani?"

"Jina hakuwahi kulitaja. Aliniomba tu nisimpigie jioni, kwamba nyumbani kuna mtu ambaye hatakiwi kusikia."

Kwenye basi la kurudi, Ezekia alikaa dirishani akapanga mambo kichwani, na kila alipogusa jambo likakaa mahali pake. Chai kavu. Cherehani iliyokwenda kutengenezwa isirudi. Kitenge kimoja sikukuu zote. Na kwaya, jamani, kwaya isiyoimba.

Kwanza alipandwa na hasira. Si aliwaambia mtu asitie senti? Kisha hasira ikaisha, ikaja aibu, nayo ilimkaa vibaya zaidi ya hasira. Baada ya aibu likaja wazo dogo tamu. Hakuna aliyejua kwamba yeye anajua. Nyumbani wanamsubiri kwa shangwe. Angenyamaza tu, na sifa yote ingebaki yake mpaka siku ya kuzikwa.

"Unawaza nini, dada?" alimuuliza Mama Yusta.

"Namwaza Lameki." Lameki ni mdogo wake Yusta. "Naye amepata chuo. Barua ilikuja juzi."

"Ada yake je?"

"Tutaongea siku nyingine, kaka," alisema Mama Yusta haraka, akakumbatia mkoba wake.

Ezekia alimtazama. Dada yake alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya ada. Aliogopa kaka yake asije akasimama tena mbele za watu akasema maneno yale yale, nao hawana tena cha kuuza kwa siri. Kwa mara ya kwanza Ezekia aliona kwamba watu wake wanauogopa ukarimu wake. Alihuzunika, akageukia dirishani.

Walipofika stendi, matarumbeta yalikuwa yanawasubiri. Mji mzima ulijua Yusta amerudi. Nyumbani turubai limefungwa, pilau linanukia mpaka barabarani, watoto wamekamata soda mikono yote miwili wasije wakanyang'anywa. Mshereheshaji, mwalimu Mlowe, hakumwacha Ezekia hata avue koti.

"Mabibi na mabwana, mjomba huyo. Mwanamume aliyebeba ada peke yake, begani kwake. Ukoo ungekuwa na akina Ezekia watano, tungekuwa tunamiliki chuo chetu wenyewe."

Wanawake wakamfunika vitenge begani mpaka akaonekana shingo tu. Wakampa kipaza sauti. Mama Yusta aliinamisha kichwa. Lameki alikuwa amesimama nyuma ya watu karibu na matenki ya maji, akijifanya anaosha glasi.

Ezekia alikishika kile kipaza sauti, akatazama nyuso zote zile zilizojinyima kwa ajili yake zikimshangilia kwa moyo mweupe. Wazo lile tamu lilikuwa bado lipo. Akalimeza.

"Kabla sijasema neno," alianza, "naomba kwaya ya ukoo ituimbie. Miaka miwili ya mazoezi si mchezo."

Obadia akamtazama Ngailo. Ngailo akatazama viatu vyake. Lakini watu walishaanza kupiga makofi, njia ya kutokea haikuwepo, wakajivuta mbele mmoja mmoja. Obadia akakohoa, akaanzisha wimbo wa kanisani. Ngailo naye, kwa nia njema kabisa, akaanzisha mwingine. Binamu mmoja akaingia na wimbo wa harusi. Mama Sekela alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akajaribu kuwaongoza kwa huo mwiko, akaona hawaongozeki, akaushusha.

Turubai zima lilivunjika mbavu. Ezekia mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini na vitenge vyake vyote, machozi yakimtoka.

"Basi, inatosha," alisema alipopata pumzi. "Mwalimu wa kwaya hii ni nani?"

Macho yote yalienda kwenye mwiko.

"Mama Sekela," alisema Ezekia taratibu, "mhasibu wa chuo anakusalimia."

Kicheko kikakatika. Mama Sekela alifuta mkono kwenye kanga, akasogea mbele. Hakuonekana kuogopa, alionekana amechoka kuficha.

"Ulisema mtu mwingine asitie senti," alimwambia mumewe. "Nikajiuliza, mimi ni mtu mwingine? Nikamuuliza Baba Yusta kama yeye ni mtu mwingine kwa binti yake aliyemzaa. Nikamuuliza Obadia. Tulitafuta sana, Baba Sekela. Huyo mtu mwingine hatukumpata. Tulikuwepo sisi tu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungeuza nyumba," alisema Obadia, na kwa jinsi kila mtu alivyoitikia kwa kichwa, Ezekia alijua ni kweli kabisa.

Alisimama. Akavua vitenge begani, kimoja kimoja. Kimoja akamfunika Obadia, kimoja Ngailo, kimoja dada yake. Kizuri kuliko vyote akamfunga mkewe mwenyewe, mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawalifanyi.

"Nilikuwa nawaita wabahili," alisema. "Kumbe mlikuwa mnanisitiri. Nisameheni."

Wakataka kumpigia makofi, akawazuia kwa mkono.

"Bado. Kuna jambo lingine. Lameki amepata chuo."

Mama Yusta alifumba macho. Obadia alijishika kiuno. Kule nyuma glasi ziliacha kuoshwa.

"Nawatangazia mbele ya mwalimu Mlowe na mbele ya mji wote," alisema Ezekia, kisha akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo. "Nawatangazia kwamba ada ya Lameki, mimi Ezekia Mwalongo, sina."

Watu wakageukiana kuhakikisha wamesikia vizuri. Halafu Mama Yusta akapiga kigelegele. Mama Sekela akampokea, wakapokezana, matarumbeta yakadakia, Ngailo akarusha kofia. Mimi sijui kama kuna ukoo mwingine duniani uliowahi kuselebuka namna ile kwa sababu mtu amesema hana hela.

Beseni la michango likaletwa hadharani, pasipo kwaya. Obadia akatia, akasema nyingine mwisho wa mwezi. Ngailo akaahidi magunia ya viazi. Yusta, ambaye hata kazi hajapata, alisema mshahara wake wa kwanza una mwenyewe tayari, mama yake akalia. Hata mwalimu Mlowe alitia, ingawa alikuwa amekuja kulipwa. Lameki aliletwa mbele, mikono bado ina povu, akasimama akiwaangalia.

Beseni lilimfikia Ezekia katikati ya mstari. Akatia kiasi alichonacho, si kikubwa wala si kidogo, akampa aliyefuata.

Funzo: Anayekataa kusaidiwa ili asifiwe hawapunguzii wenzake mzigo, anawaongezea kazi ya kuuficha. Ada ikipanda, sema mapema kiasi ulichonacho na kiasi usichonacho, watu wako wapate nafasi ya kuwa watu wako.