Mkata Kimeo

Nikisema paukwa, mezeni mate kwanza, mjue neema yake.

Chiku, mtoto wa maneno mengi, alivimba koo hata mate hayapiti. Siku tatu Mwanasiti, mamake, alilia. Mara hodi! Mgeni, mikono kaificha ndani ya kanzu.

"Kimeo hicho, mama. Nikikate."

Chiku, mkekani, akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Akaushika mguu wa mama, asiuachie.

"Mkate, baba," mama akasema, kakata tamaa. "Lakini unawe." Akammiminia mikononi maji ya chumvi, ya moto, aliyomwekea Chiku birikani.

Ngozi ya utu ikabanduka, makucha haya! Zimwi likatimka likilia.

Yaliyobaki birikani Chiku akasukutua, akatema. Akasukutua, akatema. Ya tatu, sauti ikatoka:

"Mama, toka hapa mkekani makucha niliyaona ndani ya kanzu tangu hodi. Ningekwambiaje?"