Majina Matatu ya Mtoto wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiitana kwa majina kama sisi, palikuwa na Pimbi na mkewe. Pimbi ni mnyama mdogo kama sungura, hana mkia, anakaa kwenye nyufa za mawe. Adui yake ni Tai. Tai akipita juu, pimbi wote, puru puru puru, ndani ya mawe.

Pimbi na mkewe walikaa sana bila mtoto. Kisha, mvua za masika zikipiga, wakapata mtoto wa kiume. Bibi, mama yake Pimbi, akaja kumwona. Akampakata, akamtazama, akasema, "Huyu ni Makame. Babu yake karudi."

Mke wa Pimbi akasema taratibu, "Mama, baba alichukuliwa na Tai. Naogopa kumpa mtoto jina la aliyechukuliwa."

"Kwa hiyo mume wangu asahaulike?" Bibi akauliza. Machozi yakamlengalenga.

"Sikusema hivyo, Mama. Mimi nilifikiria Masika. Kaja na mvua. Tena ni jina jepesi, mwenyewe ataweza kulitamka."

Pimbi akakuna kichwa. "Masika hupita," akasema. "Na sisi ni wadogo, kila mnyama anatudharau. Mwanangu aitwe Jabali. Hata fisi akilisikia atasita."

"Na akiwa mdogo kama wewe?" mkewe akauliza. "Si watamcheka?"

Kila jina lilikuwa na uzuri wake. Kila jina lilikuwa na kasoro yake. Wakazungumza, wakazunguka, wakarudi palepale. Hakuna aliyetaka kumuudhi mwenzake. Wakasema wataamua baadaye, na hiyo baadaye haikufika.

Basi Bibi akamwita Makame. Baba akamwita Jabali. Mama akamwita Masika.

Mtoto akakua. Bibi akisema, "Makame, njoo ule," mtoto anatazama nyuma yake. Baba akisema, "Jabali, amka," mtoto anatazama kando. Mama akisema, "Masika, kaa hapa," mtoto anatazama huku, anatazama kule, mpaka mama amshike mkono.

"Huyu mtoto hasikii vizuri," Baba akasema.

"Anasikia," Mama akasema. "Hata chungu akitembea anamsikia. Sijui ana nini."

Hata Bibi hakujua.

Siku moja mtoto alikuwa juu ya jiwe, anaota jua. Wakubwa walikuwa wakila majani karibu. Kivuli kikapita juu ya jiwe. Vuuuu. Ni Tai. Wakubwa wakakimbilia kwenye nyufa, kila mmoja ufa wake.

"Makame, ingia ndani!" Bibi akaita.

"Jabali, kimbia!" Baba akaita.

"Masika, njoo huku!" Mama akaita.

Mtoto akasimama. Akageuka kushoto. Akageuka kulia. Hakukimbia. Akajibanza pembeni ya jiwe, kama anayempisha mtu njia. Na Tai anashuka. Vuuuu.

Mama akatoka. Hakuita tena. Akaruka, akamfunika mtoto kwa mwili wake. Makucha yakampitia mgongoni, kwaruu. Wakabiringika pamoja, puu, ndani ya ufa. Tai akaondoka na manyoya tu.

Baba na Bibi wakaja kwenye ufa huo, na Baba akalamba kidonda cha mkewe. Kisha akamgeukia mtoto.

"Mwanangu, mbona hukukimbia?"

"Nilikuwa nawapisha, Baba."

"Unampisha nani?"

"Makame. Na Jabali. Na Masika. Mliwaita waingie. Nikajua wakishaingia wote mtaniita na mimi."

"Na wewe ni nani?"

"Sijui. Mimi bado hamjanipa jina."

Wakatazamana. Bibi akainamisha uso.

"Mwiteni Masika," akasema. "Aliyetoka nje kumchukua ndiye ampe jina. Mume wangu nitamkumbuka mwenyewe."

Pimbi akakubali kwa kichwa.

Mama akasema, "Masika." Mtoto akatazama nyuma. "Hapana. Ni wewe. Masika ni wewe." Bibi akasema, "Masika." Baba akasema, "Masika." Wakarudia, wakarudia, mpaka mtoto akaitika kwa sauti ndogo, "Naam."

Kisha akaenda mlangoni, akachungulia nje. "Na Makame na Jabali?" akauliza. "Hawajaingia. Tai kawachukua?" Akaanza kulia. Wakamwambia hawakuwapo kamwe. Hakuelewa. Siku nyingi baada ya hapo, kila alipokula, aliwaachia majani kidogo mlangoni, na wazazi wake walipoyaona walishindwa kuyaondoa.

Basi nawaambia wazazi, na ninyi watoto mtakaokuwa wazazi. Jina lifikirieni. Angalieni maana yake, angalieni linamkumbuka nani, angalieni kama mtoto atachekwa. Lakini kubalianeni, mpeni moja, na nyote mmwite hilohilo, ili akiitwa ajue kuwa ni yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami sina la kuongeza.