Mgeni wa Chochote

Ambakisye, nimekuuliza utakula nini leo, nawe umenijibu nini? "Chochote tu, bibi." Dada yako Subilaga akakucheka, akasema, "Mgeni wa chochote hula ukoko." Sasa mnataka kujua msemo huo ulitoka wapi. Nawe unajitetea eti ukoko ni mtamu. Mtamu, ndiyo, ukiuomba mwenyewe. Haya, menya hizo ndizi huku unasikiliza, maana Jumatatu unakwenda kusailiwa kazi ya kompyuta pale hospitalini, na habari hii inakuhusu wewe kuliko mtu mwingine.

Methali hii ilizaliwa hivi, nami nilikuwepo, mwiko mkononi.

Miaka ile nilikuwa mpishi wa kantini ya ushirika mmoja wa wakulima wa mpunga, huko Kyela. Zililetwa kompyuta nne, na mizani ya kupimia magunia ikaunganishwa nazo. Zikigoma, fundi aliitwa kutoka Mbeya. Alikuja na mkoba mweusi, akabonyezabonyeza, akala sahani mbili za wali wangu, akaondoka na laki na nusu kwa siku moja. Kamati ikachoka. Wakasema, tuajiri fundi wetu.

Akaja Tusajigwe, binti wa Busokelo kule milimani, ametoka chuoni mwezi uleule, amevaa koti la kuazima, mikono imemfunika mpaka vidole. Siku hiyo nilikuwa nagawa chai chumba cha mkutano. Wakamwuliza, kompyuta ikikataa kuwaka unaanza na nini? Akasema, "Naangalia kwanza kama imechomekwa kwenye umeme." Wakaangaliana, maana wiki iliyotangulia fundi wa Mbeya alikuwa amelipwa kwa kosa hilohilo. Mwisho meneja, Bwana Mwasulama, akafunua karatasi yake. "Unatarajia mshahara wa kiasi gani?"

Tusajigwe akainamisha kichwa. "Chochote tu mtakachonipa, baba."

Msimcheke. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyowalea nyinyi. Kwetu mgeni akiulizwa atakula nini, hujibu "chochote". Ndiyo adabu. Na mwenyeji naye, kwa adabu hiyohiyo, humkimbilia kuku. Lakini ofisi si nyumba ya shangazi, wajukuu zangu. Ofisi haichinji kuku.

Bwana Mwasulama akaandika laki mbili kwa mwezi, miezi mitatu ya majaribio, kisha watakaa tena. Binti alipotoka akamwambia mweka hazina, "Tulitenga laki nne na nusu. Haya, tumepata mabati ya ghala." Nikamwaga chai kwenye kisahani.

Mpishi hatoi nje maneno ya mkutano. Lakini kila mchana nilimwona yule binti. Huyu anaita, "Tusa, printa!" Yule anaita, "Tusa, nimesahau neno la siri!" Akifika kantini, watu wameshakula na kupiga miayo. Namwuliza, "Utakula nini?" Anasema, "Chochote tu, mama." Nakwangua sufuria.

Siku moja, mwezi wake wa tatu kazini, alikuja macho mekundu. Mama yake alikuwa amepiga simu kutoka Busokelo. Mnajua mvua ya kule, haina adabu. Paa lilikuwa linavuja, na yule mama alikuwa amehamisha kitanda mara tatu mpaka kikafika mlangoni. Tusajigwe alikuwa amemwahidi mabati kwa mshahara wake wa kwanza. Alikuwa ameshapokea miwili, na baada ya chumba na chakula hakubakiwa hata na bei ya misumari.

"Utakula nini, mwanangu?"

"Chochote tu, mama."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikaiweka sahani mezani kwa kishindo. "Mgeni wa chochote hula ukoko! Na wewe huuli hapa tu, unaula hata kule ofisini." Nikamweleza yote.

Akaweka kijiko chini. "Laki nne na nusu?"

"Kwa masikio yangu haya."

Nilidhani atalia. Akala ukoko wote, akanawa, akatoa simu. Akawapigia wenzake wa chuo mmoja mmoja: wewe wa benki ulianza na ngapi, wewe wa shule je? Wakamwambia, wanaoanza wanapata kati ya laki nne na laki tano. Akanunua daftari, akaanza kuandika kila alichotengeneza. Nami nikamwekea sheria: hapati chakula kwangu mpaka ataje anachotaka. Siku ya kwanza alinong'ona, "Wali… na maharage." Nikamwambia, "Sisikii, mafuta yanalia." Wapakiaji wa magunia wakapiga makofi alipopaza sauti. Kufikia wiki ya pili alikuwa anaagiza mpaka pilipili.

Siku ya kikao ikafika. Nikaingia na birika. Bwana Mwasulama akatabasamu. "Binti, kazi yako tumeiona. Tukuongeze kiasi gani?"

Koti lilelile. Nikamwona anainamisha kichwa, midomo inaanza, "Cho…"

Nikapita mbele ya meneja bila kuomba njia. "Samahani, baba. Binti, unakunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

Akaniangalia. Akanyoosha mgongo. "Ya maziwa, mama. Sukari kijiko kimoja." Kisha akamgeukia meneja kwa sauti ileile. "Na mshahara, baba, naomba laki tano."

"Eh! Si wewe uliyesema chochote?"

"Nilikuwa mgeni, baba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika miezi mitatu." Akafungua daftari. "Mizani imegoma mara kumi na moja. Fundi wa Mbeya angekuja mara kumi na moja kwa laki na nusu. Pigeni hesabu wenyewe."

Mweka hazina, mama mtu mzima, akahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole. Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. "Mwasulama, mpe mtoto haki yake. Hata hayo mabati ya ghala ni yeye aliyetununulia."

Bwana Mwasulama alijaribu laki nne na nusu. Tusajigwe akanywa chai yake taratibu. Ikaandikwa laki tano, ikapigwa muhuri mbele yangu.

Nje wapakiaji walikuwa wanasubiri. Alipoinua vidole vitano, wakampokea kwa vigelegele kama bibi harusi. Kabla ya masika mengine nilipelekwa Busokelo kuliona paa. Lilikuwa linang'aa mpaka unafumba macho, na kitanda kimerudi mahali pake. Na kule ushirika, kila aliyekuja kuomba kazi aliambiwa getini na wapakiaji, "Angalia, mgeni wa chochote hula ukoko." Ikatoka Kyela, ikapanda milima, leo Subilaga anakucheka nayo jikoni kwangu.

Umeelewa sasa? Adabu si kujificha. Ukiulizwa, uwe umeshaulizia kwa wenzako, kisha utaje. Mgeni wa chochote hula ukoko.

Haya, Ambakisye, zimebaki ndizi mbili. Nakuuliza tena, utakula nini?

"Ndizi za nyama, bibi. Na parachichi."

Na Jumatatu?

"Laki nne na nusu, kama wenzangu walivyoanza."

Sisikii, mafuta yanalia.

"Laki nne na nusu, bibi!"