Maji ya Kwanza

Mtu mmoja, jina lake Shekiondo, alikuwa na mke aliyempenda, na mke huyo, Mama Zaina, alikuwa na goti la kulia lililovimba kama kibuyu. Binti yao Zaina alikaribia kujifungua ng'ambo ya bonde, na kwa desturi yao mama ndiye humkanda mwanawe kwa maji ya moto baada ya uzazi. Mama Zaina hakuomba jingine ila mguu wa kumfikisha huko.

Dada yake Shekiondo akawaletea magome ya mlungulungu, mti wa miiba ambao wazee huutumia kutuliza uvimbe wa viungo. Akaagiza yachemshwe mpaka maji yawe ya manjano, naye mgonjwa ayanywe asubuhi na jioni.

Shekiondo akainjika chungu mwenyewe. Maji yalipogeuka rangi akayaonja, akatema. Akamfikiria mkewe, ambaye hata chungwa lisiloiva humkunja uso. Akakumbuka jinsi mkewe apikavyo mnavu, ile mboga chungu: huuchemsha, humwaga maji ya kwanza, na uchungu wote huenda nayo. Basi akayamwaga nyuma ya jiko, akatia maji mengine, akachemsha tena, akaongeza asali, akampelekea kwa mikono miwili.

Mama Zaina alikunywa kila siku, akamshukuru. Goti halikushuka. Habari ikaja kwamba Zaina amejifungua na anakandwa na jirani, na mama yake akalia.

Asubuhi iliyofuata alijikokota kwa fimbo hadi jikoni, akamkuta mumewe ameinamisha chungu. Akayatazama maji ya manjano yakinywewa na udongo, kisha akayatazama yaliyobaki kikombeni mwake, meupe.

"Baba Zaina," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, "mnavu naupika ushuke na ugali, dawa hii nainywa nipate kutembea. Niletee hayo hayo machungu."

Akachemsha magome mengine, akamletea. Alikunywa amefumba macho, na mumewe, aliyemshika mkono, akakunja uso kuliko yeye. Uvimbe ukapungua taratibu. Arobaini ya Zaina ilikuwa haijatimia waliposhuka bondeni, mke mbele na fimbo yake, mume nyuma na kapu la kuni za kuchemshia maji.

Chungu kile ni nyumba zetu, na maji yale ya kwanza ni neno la kweli. Wewe umpendaye mwenzako, ni lipi ulilomwaga nyuma ya jiko, ukampelekea asali?