Mtoto wa Kitanda cha Joto Aitwe Nani?

Mpo? Kama mpo, kaeni vizuri, na mwenye chakula mdomoni ameze kwanza. Hadithi hii ina mende ndani yake, na katika wote mtakaowasikia humu, mende ndiye mwenye nafuu.

Palikuwa na watu watatu walioandika mfumo wa kuendeshea mashine, wakauita Kokwa. Hawakuuuza. Waliuweka wazi, yeyote ausome, auchukue, autengeneze panapovuja na kuurudisha kwa wenzake. Utaratibu wake ulikuwa hivi: katikati kuna kiini kidogo sana, na kazi nyingine zote zinafanywa na programu ndogondogo zilizo nje ya kiini, kila moja chumbani mwake na mlango umefungwa. Moja ikianguka, inaanguka peke yake, haimwangukii jirani. Lishikeni hilo, maana ndilo linalonichefua mpaka leo.

Wa kwanza alikuwa Kyaruzi, mtu wa Bukoba. Kipaji chake kilikuwa kukataa. Yeye ndiye aliyeandika kiini, na kila aliyemletea kitu cha kukiongezea alirudi nacho mkononi. Watu walimbembeleza, wakamnunia, wengine wakamwita jiwe. Walitaka hata programu ya kusoma vipimo iingizwe kwenye kiini ili mashine ziwe na kasi. Kyaruzi aliwaambia kwamba kiini kikibeba kila mtu, siku mmoja akiugua wote watazikwa.

Wa pili alikuwa Shekue, wa Lushoto. Kipaji chake kilikuwa kufa. Msishangae. Programu zake, zikikutana na jambo zisilolielewa, hazibahatishi wala hazijifanyi zinajua. Zinakufa hapo hapo. Wenzake walimcheka kwamba anazaa watoto wadhaifu. Alijibu kuwa heri programu iliyokufa kuliko programu inayodanganya, kwa sababu iliyokufa angalau hailetei watu majibu.

Wa tatu alikuwa Zamzam, binti wa Pemba. Kipaji chake kilikuwa kufufua. Aliandika programu ya mlinzi, inayopita kila chumba ikigonga mlango. Asiyeitika, mlinzi anamwinua. Akianguka tena, anamwinua kwa njia nyingine, huku akipiga kengele ili binadamu wajue kuna shida. Zamzam mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Usingeweza kununa mbele yake bila kuulizwa una nini.

Mimi kazi yangu ni kuwaandikia maelezo, yale ya bonyeza hapa na usimwage maji pale. Ndiyo maana nilikuwepo.

Basi, kila mwaka watu wa Kokwa hukutana kuonyeshana kazi. Mwaka ule tulikutana Korogwe, katika shule ya wasichana iliyokuwa imefungwa kwa likizo, ng'ambo ya barabara ukitoka hospitali ndogo ya misheni. Tulilala kwenye vitanda vya chuma na kula maharage asubuhi na jioni. Na tulikuwa na desturi yetu, ambayo niliipenda kuliko zote nilizowahi kuziona kwa watu waliosoma: katika mkutano wetu hakuna anayeonyesha ushindi. Kila mtu analeta maiti. Yaani analeta programu yake iliyokufa mwaka ule, anailaza mbele ya wenzake, nao wanaipasua wajue imeuawa na nini. Hapigiwi mtu makofi, na hakuna anayesema hii yangu, hii yako.

Shekue alileta maiti mbili, na moja ilikuwa ndani ya kiberiti. Alikifungua, akakipitisha mkono kwa mkono. Ndani mlikuwa na mende mkavu, amekosa miguu ya upande mmoja.

Mende huyo, alisema, alitolewa siku chache kabla ya mkutano kwenye kitanda cha joto cha hospitali ile, kile cha kioo wanamolazwa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao. Kitanda kile kinaendeshwa na Kokwa, na pale hospitali kipo kimoja tu. Mende aliingia penye waya wa kipima joto, akaugusisha mahali usipopaswa kugusa. Kipima joto kikaanza kuweweseka: mara mtoto ni baridi kama samaki wa kwenye friji, mara anachemka. Na ndani alikuwemo mtoto kweli, mdogo kiasi cha kulala kwenye viganja viwili. Wauguzi walikuwa wodi ya pili.

Sasa sikilizeni kilichofanyika, nami nakieleza kama kilivyopasuliwa mbele yetu, wala hakuna aliyekibisha.

Programu ya Shekue iliona vipimo visivyo na akili, ikafa. Ingekuwa ya mtu mwingine ingeamini kwamba mtoto ana baridi, ikaagiza moto uongezwe, na mtoto angeiva.

Kiini cha Kyaruzi kilibaki kimesimama. Programu iliyokufa ilikuwa nje, chumbani mwake, kwa hiyo ile inayoshika swichi ya moto haikutikisika. Ilipoona haipati vipimo, ikaushusha moto. Kama Kyaruzi angekubali kubembelezwa, mashine nzima ingekufa na moto ukiwa umewaka.

Mlinzi wa Zamzam aligonga mlango, hakuitikiwa. Akamwinua marehemu, akaanguka tena. Akamwinua mara nyingine, safari hii akimpa kipima joto cha akiba, naye akasimama, akasoma sawasawa, na kengele ikalia. Bila mlinzi huyo mashine ingekaa kipofu na moto umeshushwa, na mtoto angepoa taratibu bila mtu kujua.

Mtoto hakuungua wala hakupoa. Mende peke yake ndiye aliyekufa.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningeisimulia nikitabasamu. Lakini muuguzi mkuu wa wodi ile, Sista Namkunda, alikuwa amemwambia mama wa mtoto kwamba walioandika ile mashine wako ng'ambo ya barabara. Mama akaja. Jina lake Hidaya, mwanamke wa Mombo, na mtoto alikuwa kifuani mwake ndani ya kanga, ametolewa kwenye kioo siku hiyo hiyo. Tulimpa kiti, akakataa kukaa.

"Kaka zangu, dada yangu," alisema, "mwanangu bado hana jina. Kengele ilipolia nilikuwa mlangoni mwa wodi, nikaweka nadhiri kwa Mungu kwamba akitoka mzima ataitwa jina la mtu aliyemwokoa. Nyumbani mbuzi amefungwa, shehe ameshaambiwa, akika ya kumpa jina ni kesho. Nimekuja kulichukua jina."

Mimi machozi yalinilengalenga, nasema kweli. Nilidhani watatu wale watatazamana, kila mmoja amsukumie mwenzake heshima ile, kama ilivyo desturi yetu.

Kyaruzi alikohoa, akasema, "Kwa kuwa kiini ndicho msingi wa yote, nadhani mnaelewa."

Shekue akasema msingi haujawahi kumwokoa mtu kwa kukaa kimya. Akaongeza, bila haya, kwamba mtoto wa Mombo ataitwaje jina la Kihaya wakati Wasambaa wapo.

Zamzam akacheka kwa dharau. "Shekue, wewe kazi yako ilikuwa kufa, na ukafa. Kyaruzi, wewe hukufanya kitu, na unajisifia kutofanya. Aliyemwinua ni mimi. Na kwa kuwa mtoto ni wa kiume, basi aitwe Khatibu, jina la baba yangu, lakini litoke kwangu."

Watu hawa walikuwa wameandika mfumo ambao mmoja akianguka wengine wanabaki wima. Wao wenyewe alianguka mmoja, wakafuata wote. Mganga hajigangi, walisema wazee, na hawa walikuwa waganga kweli.

Hayo nayo ningeyameza. Kuna watu wazima wengi wanaogombea sifa, na dunia inaendelea. Lakini ubishi ulipokolea, Kyaruzi akatoa wazo kwamba jambo hili halihitaji maneno, linahitaji jaribio: kitanda kiletwe ukumbini, iondolewe sehemu ya kila mmoja kwa zamu, ionekane bila nani mtoto angekufa vibaya zaidi. Shekue akavuka barabara, akamwambia msichana wa zamu kwamba kitanda kinahitaji kukaguliwa. Yeye, mtu wa programu zisizodanganya. Zamzam, binti wa huruma, akakichomoa kwenye umeme kwa mkono wake, akasaidia kukisukuma.

Wakatafuta kitu cha kulaza mahali pa mtoto. Wakapata mfuko wa unga wa sembe kutoka jikoni. Wakaufunga kanga.

Hidaya alikuwa bado amesimama pale pale, mtoto kifuani. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyekumbuka kwamba yupo. Nilimwambia tutoke nje tupate hewa. Alitikisa kichwa, macho kwenye ule mfuko.

Waliugusisha waya kama alivyougusisha mende, wakaondoa sehemu ya Shekue na kuweka programu nyingine inayokisia. Moto ukapanda, na baada ya kitambo ukumbi ukaanza kunuka unga unaoungua. Shekue akashangilia. Alishangilia kweli, mikono juu. Wakaupindua mfuko, wakaweka upya kila kitu, wakaingiza programu ya vipimo ndani ya kiini kama Kyaruzi alivyokuwa anakataa siku zote. Mashine nzima ikafa, moto ukabaki umewaka, harufu ikarudi. Ikawa zamu ya Kyaruzi kutabasamu. Wengine ukumbini wakaanza kubishana kuhusu upande upi wa mfuko umeungua zaidi. Nilitazama sura zile za marafiki zangu, watu niliokula nao maharage, nikawaona kama siwajui.

Hapo Sista Namkunda akaingia. Hakupaza sauti.

"Kuna mtoto amezaliwa sasa hivi kabla ya siku zake," alisema. "Nimemweka kifuani kwa mama yake, lakini mama mwenyewe anatokwa damu. Kitanda changu kiko wapi?"

Na wale watatu wakamjibu kwamba bado jaribio moja tu, la mlinzi. Walisema hivyo kwa pamoja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Sista hakubishana nao. Aliuchukua ule mfuko wa unga, akauweka chini, akachomoa waya. Wachache wetu tuliokuwa bado na akili tulimsaidia kukisukuma kitanda kuvuka barabara, na lori likatupigia honi. Mtoto yule alipona, na mama yake pia. Nawaambia mapema ili msije mkaifanya hadithi hii rahisi. Hakufa mtu. Ubaya wao haukuzaa maiti ya kupasuliwa, na wema wao ulikuwa pale pale, mtoto wa Hidaya akinyonya mzima.

Niliporudi, watatu wale walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mmoja anaitazama simu yake. Sijui kama ilikuwa aibu au hasira. Hidaya alikuwa mlangoni, amejitanda kanga, tayari kuondoka, ila haondoki.

Mtu mmoja akamshauri amwite mtoto jina la ndugu wa Sista, yaishe. Sista, aliyekuwa amerudi kuchukua kioo cha juu kilichosahauliwa, akakataa. Alisema siku ile kengele ilipolia alikuwa wodi ya pili, na alipofika mtoto alikuwa ameshaokoka. Hataki jina lililopatikana kwa uongo. Mwingine akasema mtoto aitwe Kokwa. Hidaya akasema aliahidi jina la mtu, na mashine si mtu.

Kisha akanigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa karibu.

"Ningekuwa sijaapa, ningeshaondoka," alisema. "Nikimpa jina la mmoja wao, kila nikimwita nitasikia harufu ya unga ule. Nisipompa, nimemdanganya Mungu siku aliyonisikiliza. Na hata nikikubali kuvumilia harufu, bado sijui ni nani. Aliyekataa, aliyekufa, au aliyefufua?"

Mimi ninayeandika maelezo ya kila kitufe, sikuwa na la kumwelekeza. Nilimsindikiza hadi kituoni, akapanda gari la Mombo, mtoto akiwa amelala. Sikupiga simu kuuliza waliamua nini, na sitaki kujua kabla sijawasikia ninyi.

Kwa hiyo nawaachia mzigo. Mbuzi yupo, shehe amekaa, ndugu wamejaa uani. Mtoto amewekwa mikononi mwako, wewe uliyekuwa unasikiliza na kuguna, na watu wanakusubiri. Bila Kyaruzi asingekuwepo, bila Shekue asingekuwepo, bila Zamzam asingekuwepo, na wote watatu umewaona walivyo. Inama kwenye sikio la mtoto. Utanong'ona jina gani?