Wageni wa Fisi na Jembe la Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama wenye njaa. Vumilieni, maana wenzenu wa hadithi hii wana njaa zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mtama walipanga foleni, kila mmoja nyuma ya yule amtakaye awatunzie chemchemi. Foleni ndefu ikawa ya Kanga, mama wa vifaranga saba. Nyuma ya Fisi ulisimama mkia wake tu. Lakini kulipokucha, Fisi alikutwa amekalia kiti cha enzi, na kiti amekiweka juu ya chemchemi. Akatangaza kwamba mkia nao ni raia.

Vifaranga wakaanza kukauka midomo. Kanga akapeleka kilio nchi jirani, nazo zikatuma wajumbe watatu: Nyati, Korongo na Kobe. Walitumwa neno moja tu, Fisi aondoke.

Sasa, desturi ya huko ni kwamba mgeni hasemi kilichomleta kabla hajala, na Fisi aliijua desturi hiyo kuliko jina la mama yake. Akawatandikia wajumbe mikeka, akawapa pole ya safari, kisha akateleka chungu kikubwa kilichojaa mawe.

Kanga akaja mbio kuuliza kama wameshamwambia.

"Mjumbe hasemi na njaa, mama," Nyati akamjibu. "Chakula ki jikoni."

Mwezi ukaandama, Kanga akarudi. Korongo alikuwa ameonja mchuzi, akaona chumvi haijakolea, basi imeundwa kamati ya chumvi.

"Mjumbe hasemi na njaa. Chakula ki jikoni."

Mara ya tatu Kanga alikuja na kitindamimba wake mgongoni, hawezi hata kulia. Aliwakuta wakibishana kama mawe ni nyama au ni mboga. Kobe akamwambia kwamba wao, kwa pamoja, wanasikitishwa mno na kiu hiyo.

"Lakini mjumbe hasemi na njaa. Chakula ki jikoni."

Kanga akarudi kwake, na kwa kuwa maji hana, akachoma mahindi. Akayaleta kwenye ungo, akawawekea wajumbe, wakatafuna hadi magunzi. Nyati akajifuta mdomo, akasimama, akakohoa.

"Ujumbe wetu ni kwa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni aliyewalisha wageni," Kanga akasema. "Nani kawalisha?"

Punje zilikuwa zingali midomoni mwa wajumbe, wangekana nini?

"Basi huyo kitini ni mgeni wangu. Na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Akamwekea Fisi jembe mapajani. Fisi akalitazama jembe, akalitazama shamba, akaitazama njia. Akachagua njia.

Kanga akawageukia wajumbe. "Nanyi, waheshimiwa, mmekaa sana. Majembe yenu haya hapa."

Ghafla wote watatu wakakumbuka kwamba wanasubiriwa makwao. Wakatimua vumbi nyuma ya Fisi, na walipofika walitangaza kwamba wamemfukuza wao wenyewe mpaka mpakani. Wakapigiwa ngoma.

Kanga alizisikia ngoma zile, wala hakujishughulisha. Alikuwa anakivuta kiti pembeni, na vifaranga wake wote walikuwa wameshatumbukiza midomo majini.

Hadithi yangu imekomea hapo. Na nyinyi mliokula mahindi yangu jioni hii, majembe yako nyuma ya mlango.