Mapigo Manne ya Kijiko

Hakuna ngoma iliyoanza kwa kishindo. Mwanzoni husikika kasauti tu, tena ka kuchekwa, na anayekacheka hajui kanakokwenda.

Kijiko, msichana mwembamba kama jina lake la utani, alichekwa wiki tatu nzima. Alikuwa ameweka programu ya udijei kwenye kompyuta ya kaka yake, na siku zote hizo alijifunza kitu kimoja: kukamata mapigo manne ya wimbo na kuyazungusha bila kuteleza. Du-ka-du-ka. Du-ka-du-ka.

"We, umekwama?" kaka yake alimkejeli. "Wenzako wanapiga kumbini, wewe unatwanga maji kwenye kinu!"

Jumamosi mchana, harusi ya dada yao ikafika, na Kijiko akakabidhiwa muziki. Mjomba, mwenye kauli ya mwisho, akamnyooshea kidole. "Muziki ukikatika hata mara moja, nachomeka simu yangu. Na hizo spika hutazigusa tena. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mjomba."

Wimbo wa kwanza ukaenda, wa pili ukanoga, ukumbi mzima ukasimama kucheza. Kijiko akatupa jicho kwenye kioo cha kompyuta, moyo ukamlipuka paa! Orodha yote ya nyimbo ilikuwa nyekundu, hakuna hata mmoja unaofunguka. Akatazama ubavuni mwa kompyuta. Flashi yenye nyimbo zake haipo! Pamechomekwa waya wa simu.

"Shangazi! Umeichomoa?"

"Kale kadude? Nimekaweka mkobani kasipotee, mwanangu. Simu yangu ilikuwa inaisha chaji."

"Kalete, Shangazi, nakufa!"

Shangazi akaanza kupekua. Kitana. Funguo. Leso. Uliobaki ni huo wimbo unaolia tu, ulioingia kwenye kompyuta kabla flashi haijachomolewa, sekunde ishirini. Mjomba, aliyeiona hekaheka hiyo, alishatoa simu mfukoni, anakuja. Kumi na mbili. Nane. Tano...

Kidole, bila hata kumwuliza mwenyewe, kikabonyeza kitufe cha kuzungusha mapigo.

Du-ka-du-ka. Du-ka-du-ka.

Watu wakasita, wakatazamana. Kijiko akafumba macho, akingoja zomeazomea. Mara bibi harusi akapiga makofi juu ya mapigo yale. Pa-pa! Meza ya mbele ikaitikia, kisha ukumbi wote.

"Haka hapa!" Shangazi akapiga kelele. Flashi ikachomekwa, wekundu ukafutika, wimbo mpya ukaingia juu ya makofi.

Mjomba akasimama mbele yake.

"Pale pa makofi," Mjomba alisema, akirudisha simu mfukoni, "baadaye uparudie."

Kaka yake, aliyekuwa akicheka wiki tatu, sasa alikuwa katikati ya ukumbi akipiga makofi kuliko wote. Naam, mwanzo wa ngoma ni lele.